Kipande cha Boksi

Baiskeli ya mdogo wake ilikuwa imeshalazwa ndani ya boksi la safari; dada mkubwa alikuwa amebakiza kuweka kipande kimoja tu cha boksi, kidogo kama kibiriti, alichokikunja mara mbili. Hukaa katikati ya pedi za breki gurudumu likishatolewa. Kisipowekwa, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege akiminya breki hata kidogo, pedi zitabanana, na gurudumu halitarudi mpaka apatikane mtu anayejua.

Anayejua alikuwa yeye. Ndiye aliyemfundisha mdogo wake baiskeli, akamfundisha na kuteremka mlima bila kufumba macho. Liliposomwa jina la atakayepanda ndege kwenda mashindanoni, likawa la mdogo. Mfinyanzi hulia gaeni. Yeye akaachiwa spana.

Akakielekeza kile kipande kwenye breki.

"Nikifika jioni, asubuhi yake tunaanza," mdogo alisema kutoka kitandani, akikunja soksi mpya.

"Ukikwama wakati wa kuiunganisha tena baiskeli, nipigie."

"Aa, Dada, sikusumbui. Nitaiunganisha mwenyewe. Kwani kazi yenyewe si spana tu?"

Dada akavitazama viganja vyake, vyeusi kwa grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga.

"Ni spana tu," akasema.

Mkono ukarudi nyuma taratibu na kile kipande, ukaingia mfukoni.

"Umeficha nini hapo?" mdogo akauliza, akicheka.

"Takataka."

Akakata selotepu kwa meno, akalifunga boksi.