Mafuta Kiganjani

Siku hizi utafiti hausubiri. Ukipitishwa asubuhi, jioni umeshakuwa amri nchi nzima, na kila nyumba ina kidude ukutani cha kuisimamia.

Bi Mwanahija alifika kwa binti yake Nasra, Tanga, na beseni na mafuta ya nazi, aje kumwogesha mjukuu wake wa kwanza kama alivyowaogesha wanawe wote. Alipomvua mtoto nguo tu, kidude kikasema kwa upole, "Bibi haruhusiwi kuogesha kichanga."

"Nani kasema?"

"Watafiti, mama," Nasra akajibu, macho chini.

Mtafiti alikuwa yeye Nasra mwenyewe. Aliwachunguza watoto wa milimani, walioogeshwa na bibi zao uani alfajiri kwenye baridi kali, wakaugua vifua. Alipoulizwa kama matokeo yatafaa kila mahali, mimba ilikuwa imemchosha, akajibu yatafaa, ili akapumzike. Sasa, kwa joto la Tanga, jasho lilikuwa likiwatiririka wote watatu.

"Basi wao ndio wanaojua," Bi Mwanahija akasema.

Mafuta alikuwa keshayamimina kiganjani. Akayatazama kidogo, kisha akajipaka magotini, taratibu, kama anayempaka mtoto.