Jina la Siku ya Saba

Sheria yetu inasema nchi haivunji uhusiano na nchi nyingine mpaka kila nyumba yenye ndugu huko ikubali kwa kidole gumba. Ikishavunja, simu wala barua hazipiti tena. Nyumba zote zilikuwa zimekubali, ikabaki yetu.

"Mwisho ni leo magharibi, Bi Mwanakombo," karani wa serikali alimwambia mama, mashine ya alama za vidole mapajani.

Dada yangu Raya alikuwa kwenye simu, akipiga kutoka nchi hiyo hiyo tunayoikataa, wanakowatesa wafungwa kwa umeme. Mumewe walikuwa wamemchukua tangu mwezi wa Rajabu.

"Bonyeza, mama. Wakiona hata nyinyi wa nchi ndogo mmewakataa, labda wataona haya."

"Na mjukuu wangu?"

"Ana siku sita. Ananyonya kama baba yake anavyokula."

Mama alicheka, akafuta macho. "Umempa jina gani?"

"Jina kabla ya siku ya saba? Si wewe uliyetukataza?"

Mama hakumlazimisha. Alibonyeza, na simu ikanyamaza.

Kesho yake alipika bokoboko, akawaita majirani kama ilivyo desturi ya siku ya saba. Walikula, wakaomba dua, kisha wakauliza mtoto anaitwa nani. Mama aliendelea kuwapakulia.