Mayatima wa Banda la Mimea

"Ifahamike kwa wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba kuanzia leo banda la mimea limefungwa rasmi, na atakayethubutu kuingia atahesabiwa adui wa sayansi!"

Mwenyekiti wa Chama cha Sayansi aliyasema hayo mbele ya shule nzima, kidevu juu, mikono nyuma. Wanafunzi wakapiga makofi ya heshima. Banda lenyewe halikuwa na mlango.

Lakini jambo lilikuwa zito. Mayatima walikuwa wananenepa.

Mayatima ni miche ya mgunga wa jangwani. Huko kwao mti huo hauishi peke yake: mizizini mwake hukaa kuvu ndogo za namna nyingi, zinazoutafutia maji mahali ambapo mizizi haifiki, nao huzilipa sukari. Mwenyekiti alitaka kujua kama kuvu za namna nyingi zinafaa kuliko za namna moja. Akapanga vyungu mezani. Hiki kuvu za njano, hiki nyeusi, hiki nyekundu, hiki zote pamoja. Na mwisho wa meza, miche iliyopandwa kwenye udongo uliochemshwa hadi kila chenye uhai kikafa. Hiyo haikuwa na kuvu hata moja. Shule nzima ikaiita Mayatima.

Kazi yao ilikuwa kudumaa, ili wenzao walinganishwe nao. Mwanzoni walidumaa vizuri, vichwa chini, majani kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Kisha wakachangamka, wakaanza kuwapita hata ndugu zao wenye kuvu za namna moja. Mayatima wasipodumaa hakuna jaribio, na bila jaribio, nafasi pekee ya maonyesho ya shule zote ingekwenda kwa makamu wake, aliyetengeneza sabuni ya majani hadi na walimu wakamwita Sabuni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mwenyekiti alinong'ona, akimtazama Sabuni akipiga mswaki.

Akachomoa kipande cha mzizi wa yatima mmoja pamoja na udongo wake, akainamia hadubini kwenye kona ya banda. Akaona vijimbegu vya kuvu za njano, akapita. Akaona vyeusi, akasimama. Akaona vyekundu, akavuta kiti akakaa.

Kumbe mtu alikuwa akiingia bandani kwa siri.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakati wenzake wako michezoni, Mwenyekiti aliinama, akaingia chini ya meza, akajifunika gunia. Haikuchukua muda viatu vikaja. Vikasita. Vikanyemelea hadi kwenye chungu cha kuvu nyeusi, kisha kwa Mayatima.

"Mwizi!" Mwenyekiti alichomoka, gunia kichwani.

"Mamaa!" Sabuni aliangusha udongo wote aliokuwa ameufumbata. "Wewe, utaniua kwa presha!"

Kelele zikamleta mwalimu wa biolojia, filimbi shingoni.

"Mwalimu, nimemshika! Amechota kuvu nyeusi na nyekundu, akawawekea Mayatima. Anataka niaibike!"

"Nyeusi nakubali," Sabuni alisema, akifuta mikono kwenye kaptula. "Ila sikutaka uaibike. Niliwahurumia tu. Wenzao wote wana watu wao huko chini, wao wanakodoa macho kama mimi siku ya wazazi. Nyekundu muulizeni Matroni wa bweni. Nilimkuta hapa na kijiko, akaniambia nifunge domo."

Mwalimu alijitahidi asicheke, akashindwa kidogo. Kisha akakaza uso.

"Huruma zenu zimeua jaribio. Sasa sikilizeni. Aliyeanza ndiye atakayekosa maonyesho. Nani alianza?"

"Mimi nilipokuja niliwakuta wameshachipua," Sabuni alijitetea. "Na Matroni alikuja nyuma yangu."

 Mwalimu alikwenda kuinamia hadubini, akizungusha kitufe chake taratibu.

"Mwenyekiti, umesema nyeusi na nyekundu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mbona hukutaja za njano?"

Mwenyekiti alivua gunia kichwani, polepole, kama mtu anayevua kofia msibani.

"Za njano, Mwalimu," alisema, "niliwawekea mimi. Nami niliwahurumia."