Mita Moja kwa Nyumba Mbili

Sakiusa alikuwa amezima kila kitu upande wake, hata redio, na bado mita ilizunguka.

"Umeona?" akamwambia mwenye nyumba. "Ni bibi wa uani na jiko lake la umeme. Tusigawane tena nusu kwa nusu. Yeye alipe mafungu mawili, mimi moja."

"We Saki! Kila Jumapili unakula magimbi yake, leo unamshitaki? Haya, nenda ukamzimie."

Sakiusa akazunguka hadi uani.

Bibi alikuwa amechuchumaa chini ya bati, anapuliza kuni, macho mekundu kwa moshi. Sufuria ya majani ya magimbi na tui ilikuwa inatokota juu ya mafiga. Mlangoni pake taa moja tu ilining'inia, nayo imezimwa. Sakiusa akamuuliza jiko la umeme liko wapi.

"Jiko la umeme? Lilikufa zamani, mwanangu. Nikaona haya kumsumbua mwenye nyumba."

Jumapili zote hizo Sakiusa alikuwa akila chakula chenye ladha ya moshi, wala hakujiuliza moshi ulitoka wapi.

"Saki!" mwenye nyumba akapaza sauti kutoka mbele, huku akicheka. "Hii friza ya samaki chini ya ngazi zako ni ya nani? Inanguruma kama nguruwe!"

Bibi hakugeuka. Alipakua sahani ikajaa, akaiweka miguuni pa Sakiusa.

"Kula kingali cha moto, mwanangu."

Sakiusa akachutama, akainua mikono apige makofi ya shukrani, kama alivyofunzwa tangu utotoni. Viganja vikakataa kukutana.