Paji la Uso la Malkia

Nyangoma alikuwa akimsuka binti yake Kemilembe, akizileta nywele mbele zifunike paji la uso. Keshokutwa ilikuwa zamu yao ya kuzuru Makumbusho ya Taifa. Mlangoni mashine hupima nyuso, na anayefanana na picha za wafalme hubakizwa ndani, akawa sehemu ya hazina ya kifalme.

“Mama, unaniumiza! Mama mdogo Koku si amekalishwa kiti cha dhahabu?”

“Amekalishwa. Lakini haruhusiwi hata kujikuna.”

“Mimi naweza.”

Kemilembe akaweka mikono magotini, akainua kidevu. Nyangoma alivuta msuko kwa nguvu, kusudi alie. Mtoto hakutikisika.

“Kemi, basi. Tutamalizia kesho.”

Kemilembe hakupepesa hata jicho.