Khanga Kwenye Mzabibu

Kipupwe kilipoanza kuuma, Perpetua alikwenda kwa siri kwenye nyumba ya wageni iliyo katikati ya mashamba ya zabibu, akapange safari ya kumfurahisha mumewe: siku tatu, chumba chenye meko, divai, wao wawili tu. Miaka tisa nyuma walikula fungate hapo, wakapogoa mzabibu mmoja pamoja na kuufunga kipande cha khanga yake, kama ilivyo desturi ya mahali pale.

"Jina la bwana?" aliuliza Mama Sechelela, mwenye nyumba.

"Ladislausi Mgunda."

Uso wa mama ukachanua. "Kumbe ndiye wewe! Alikuja mwezi jana kuifungua khanga ya marehemu mkewe. Alilia, masikini. Akasema atarudi na mchumba. Karibu sana, mwanangu."

Perpetua alikwenda hadi kwenye mzabibu wao, akaukuta mtupu, bila khanga, akaomba mkasi.

"Si umngoje bwana, muukate pamoja?"

"Yeye ameshakata upande wake, mama."

"Haya. Ila usivuke jicho la mwisho, kile kinundu cha chipukizi. Ukikata chini yake, hauchipui tena."

Perpetua alilipapasa shina kwa kidole gumba mpaka akaligusa jicho la mwisho. Kisha, taratibu, akauteremsha mkasi chini yake.