Kura ya Chatu

Siku wanyama walipomchagua mlinzi wa kisima, kila mmoja alikanyaga udongo mbichi upande wa mgombea amtakaye. Karani alikuwa Ngiri, mshika kanuni.

Chatu alipofika, Ngiri akamzuia. "Kanuni inasema unyayo. Huna mguu, huna kura. Rudi nyumbani."

Chatu akageuka kwa uchungu, maana naye alikunywa maji ya kisima kile.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa Jongoo. Akakanyaga, akaendelea kukanyaga, mpaka udongo ukajaa alama.

"Wee Jongoo!" Ngiri akafoka. "Kura moja tu!"

"Lakini nina miguu mia mbili, bwana karani."

"Hatuhesabu miguu hapa! Tunahesabu wanyama!"

"Ahaa," Jongoo akasema, akisogea kando. "Basi mwite Chatu arudi."